Nilivyomkimbia Mama Mkwe Kwenye Kona ya Kinama

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilikufungia samaki wa ndagala kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa ufupi, maana mambo ya leo hayasubiri.

Mimi ni Twalibu, fundi wa magari. Gereji yangu iko Buyenzi, nyumba yangu iko Nyakabiga. Tangu esansi ya kutia kwenye magari iadimike mjini, magari yamelala na mimi nimelala nayo. Gari lisilotembea haliharibiki, na fundi wake hukaa juu ya tairi kutwa nzima akipiga soga.

Mke wangu Khadidja hakukaa. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kule Zone Industrielle. Mabasi yalipokatika alianza kwenda kwa miguu, halafu kwa miguu ya haraka, halafu ikawa mbio kabisa. Siku moja msimamizi alimuuliza nani anamleta kazini mapema namna hii. Akajibu kwamba anajileta.

Wivu ukanishika. Nikamfuata kwenye klabu ya mbio ya Prezida Révérien, muuza saruji, nikidhani kukimbia ni jambo ambalo kila mwenye miguu analiweza. Wiki iliyopita niliwaacha pale prezida alipotangaza mbio za wanandoa. Alipotaja zawadi, mke wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yetu.

Zawadi yenyewe ni hii: mume na mke watakaoshinda watapelekwa Kigoma kukimbia marathoni, safari na malazi juu ya klabu.

Mnaweza kusema Kigoma ni nini, ziwa si lile lile letu. Semeni. Lakini Khadidja hajawahi kuvuka mji wa Rumonge maisha yake yote. Toka siku ile alianza kuitaja Kigoma akiosha vyombo, akiitaja akisuka nywele, na mara moja nilimsikia anaitaja usingizini. Aliwaambia wenzake wote wa kiwandani. Alimwambia mama yake. Viatu vyake vya mbio alivifunga kwenye mfuko akaviweka juu ya kabati, mahali zinapokaa nguo za sikukuu.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na kazi moja tu, nisimharibie.

Asiyeijua klabu ya Révérien ajue hivi. Jumapili asubuhi tunakusanyika, tunajipanga mistari, tunaimba na kupiga makofi, na prezida anatangulia na filimbi shingoni. Hakuna anayempita. Akitembea, watu wazima wote nyuma yake wanatembea, tena kwa kuinua magoti juu ili ionekane bado ni mbio. Akisimama kupokea simu, sisi tunarukaruka papo hapo mpaka amalize. Makamu wake anabeba chupa ya maji, katibu anabeba taulo, na mshauri, ambaye sijawahi kumsikia akishauri lolote, anabeba simu ya pili.

Khadidja alimpita wiki ya kwanza. Masikini hakujua. Alisikia filimbi nyuma akadhani anahimizwa, akaongeza mwendo. Ukaitishwa mkutano wa nidhamu. Uamuzi ukatoka kwamba Mama Uthmani, yaani Khadidja wangu, kwa kuwa ana kipaji, aruhusiwe kutangulia, ila atangulie kwa pembeni, asiingie kwenye picha.

Mimi nilikuwa mwanachama bora. Mwendo wa prezida ulinifaa kabisa.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Khadidja alikuwa akiniamsha baada ya sala ya alfajiri tupande kilima cha Kiriri. Yeye anafika juu, anashuka kunitafuta, anapanda tena na mimi, na bado anapata pumzi ya kunisimulia habari za kiwandani. Mimi nilitapika mbele ya mageti ya watu wa heshima. Jioni ananisugua magoti kwa mawese ya moto mpaka nyumba nzima inanukia maharage. Hakunicheka. Alisema nimepunguza tumbo, na kwamba Kigoma tutakimbia bega kwa bega. Nikaanza kumuamini, jamani.

Kisha prezida akaleta sare.

Kaptula ya njano. Fupi. Pembeni imepasuliwa karibu na kiuno, ati hewa ipite. Na nyuma, pale mtu anapokalia, pameandikwa kwa herufi nyekundu Chez Révérien, bâtissez solide, yaani kwa Révérien, jenga imara. Nilipoijaribu nyumbani, Khadidja alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikwenda kuomba suruali. Mke wangu alikuwa amekubaliwa sketi ndefu na mtandio kwa ajili ya dini, nikasema na mimi nina dini hiyo hiyo, na paja la mwanaume nalo lina hukumu yake. Prezida akanijibu kwamba dini ya mafundi wa Buyenzi ameiona mwenyewe mchana wa jua kali, vifua wazi na matumbo nje. Akaongeza kuwa sare ndiyo tangazo lake, na asiyevaa hakimbii.

Nikakubali, na nilikubali kwa sababu moja tu. Mama mkwe hatakuwepo.

Hapa kwetu, uwe Mrundi wa mlimani au Mswahili wa Buyenzi, mama mkwe si mtu wa mchezo. Ukikutana naye njiani hupungi mkono ukapita. Unasimama, unainama, unatoa mikono miwili, unangoja aulize habari za kila mtu aliyemo nyumbani na za waliokwisha kufa. Huli mbele yake. Jina lake hulitamki, na hapa ninalitaja kwa kuwa yeye hasomi magazeti ya watu wanaolialia. Tangu nimwoe binti yake, Bi Mwavita hajawahi kuviona hata viwiko vyangu. Nikienda kwake Kinama nafunga shati mpaka kifungo cha shingoni, na jasho linanitiririka.

Siku ya mbio alikuwa na harusi Rumonge, ya mtoto wa dada yake. Alishaaga. Nikavaa kaptula yangu kwa amani.

Mbio zilikuwa zianze asubuhi na mapema, pale Zone Industrielle. Mgeni wa heshima akachelewa, tukamsubiri juani. Alipofika alihutubia juu ya faida za kukimbia, akiwa amekaa kwenye kiti na mtu anampepea. Akafuata prezida kumshukuru mgeni kwa hotuba, kisha mgeni akamshukuru prezida kwa shukrani. Hapo wakimbiaji tulikuwa tumechoka hata kabla ya kupiga hatua.

Masharti yalisomwa kwenye kipaza sauti. Tunakwenda mpaka Kinama, tunazunguka kwenye kona, tunarudi kwa barabara ya pili. Mume na mke kila mmoja na mwendo wake, lakini kwenye kona ya mwisho aliyetangulia atamngoja mwenzake, washikane mikono, wavuke pamoja. Mmoja akikata njia, wote wawili wametoka.

Kule Kinama kila mtu alitakiwa afungwe utepe mkononi, iwe ushahidi. Utepe haukufika. Akawekwa mpwa wa prezida asimame atuangalie kwa macho. Pikipiki ya kuongoza msafara nayo haikuwa na esansi, ikaletwa baiskeli.

Tukaanza.

Khadidja aliondoka. Nilikiona kile kitambaa chake cheupe kichwani, kisha sikukiona tena. Mimi nilikuwa katikati ya kundi, na kusema kweli nilikuwa vizuri. Magoti hayakulia. Mbele yangu kwa mbali alikuwa Valéry, karani wa benki, mwenye saa inayomsemesha Kifaransa kila akipunguza mwendo. Huyo na mkewe Carmen ndio tuliokuwa tunawaogopa. Nikahesabu moyoni kwamba nikibaki hivi hivi, na Khadidja alivyo, Kigoma ipo.

Tukaingia Kinama. Nikainua macho kutafuta kona.

Katikati ya barabara, wala si pembeni, amesimama mwanamke mwenye khanga mbili, termosi mkono huu na kikombe mkono huu. Mkono wa kikombe ameuweka juu ya macho, anatazama wakimbiaji mmoja mmoja.

Basi la Rumonge lilikosa esansi.

Baadaye ndipo nilipopata habari kamili. Khadidja alikuwa ameshapita. Alipiga goti mbele ya mama yake, akapigiwa dua, akanywa funda moja la tangawizi, na alipoulizwa mumewe yuko wapi akasema yuko nyuma, anakuja. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa amesimama pale ananingoja mimi. Ameikodolea macho barabara nzima kwa mapenzi tu, na tangawizi yake ya moto mkononi.

Mpwa wa prezida hakuwepo. Alisikia kituo cha jirani kimepata esansi, akakimbilia foleni na jerikani.

Nikajitazama. Nikaona paja la kulia, nikaona la kushoto. Nikifika pale lazima nisimame. Nikisimama lazima niiname. Hebu mwenye akili anieleze namna ya kuinama na kaptula ile mbele ya mama mkwe, huku wanaokuja nyuma wanasoma tangazo la saruji.

Kupita bila salamu? Afadhali ningemtukana.

Upande wa kulia kulikuwa na lango la bati lililoachwa wazi. Nikaingia.

Ulikuwa uwanja mdogo, kimya, hakuna mtu. Kwenye kamba zimeanikwa nguo, na kati yake kitenge cha buluu chenye kuku wekundu. Mpango wangu, naapa, ulikuwa mwema. Nijifunge kitenge, nitoke nikiwa nimesitirika, nikamsalimie mama kwa heshima zote, nizunguke kona, niendelee na mbio, na jioni nirudishe kitenge na sabuni juu. Nilishakifunga kiunoni. Nilishakaza fundo.

Nikasikia hodi.

Sauti ile naijua, ya mama mkwe. Aliniona nikiingia na sasa amekuja nyuma yangu. Angenikuta ndani ya uwanja wa mtu, natweta, nimefunga nguo ya kike nisiyojua mwenyewe ni nani. Nyuma ya choo kulikuwa na kilango cha mbao. Sikufikiri zaidi ya hapo, nikapita.

Ndugu zangu, Kinama ina vichochoro. Niliruka mifereji, nikavuka biashara ya mkaa ya mtu, nikakata kushoto, nikakata kulia, nikitafuta njia ya kurudi kwenye kona. Badala yake nilitokea barabara ya pili, ile ya kurudia, na baiskeli ya kuongoza msafara ilikuwa imesimama hapo hapo, mwenyewe anarudisha mnyororo.

Akaniona na namba yangu kifuani. Akapanda baiskeli. Akaanza kupiga kelele kwamba wa kwanza huyo, tupisheni.

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nikageuka nyuma, barabara tupu; kumbe vichochoro vilinikatia njia hata kumpita Khadidja.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kuwa mtu mwema. Ningekaa pembeni, ningesema nimepotea, wangecheka na yangekwisha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunipigia vigelegele tangu nizaliwe, hata harusini vilikuwa vya bibi harusi. Nikakimbia. Nilikimbia vizuri pia, hilo mnipe.

Nilifika kona ya mwisho wa kwanza kabisa, nikasimama kumngoja mke wangu. Mimi kumngoja yeye.

Khadidja alipotokeza na kuniona, alipunguza mwendo. Alinitazama usoni, akatazama kitenge, akatazama tena usoni. Akauliza nimefikaje. Nikasema Mungu. Akauliza kitenge cha nani. Nikasema kaptula ilichanika njiani, msamaria mmoja akanisitiri.

Aliamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, aliamini bila hata kufikiri. Machozi yalimtoka akaniambia, "Baba Uthmani, nilijua. Mi nilijua siku moja utakimbia."

Nilitaka kumwambia pale pale. Kweli nilitaka. Lakini ameshanishika mkono, anavuta, watu wanaimba, na Révérien kwenye kipaza sauti analitaja jina la klabu yake kwa sauti ya kulia. Tukakata utepe. Kumbe utepe wa mwisho wa mbio wao ulikuwepo.

Mgeni wa heshima akasimama. Kikombe kikaletwa. Khadidja akajipangusa mikono kwenye sketi kabla ya kukigusa.

Ndipo Valéry alipofika mbele na saa yake. Hakupiga kelele, watu wa benki hawapigi kelele. Alisema yeye ndiye aliyekuwa mwanaume wa kwanza kuzunguka kona ya Kinama, na toka kona mpaka hapa hakupitwa na mutu. Aliomba aelezwe fundi Twalibu alipita angani au chini ya ardhi. Carmen akasema na yeye hakumuona fundi popote, na fundi akiwa na kaptula ile haiwezekani usimuone.

Prezida akamtafuta mpwa wake. Mpwa bado yuko foleni.

Khadidja akachukua kipaza sauti mwenyewe. Sikuwahi kumuona mke wangu hivyo. Alisema kwa utulivu kwamba mume wake amefanya mazoezi mpaka ametapika, kwamba watu wasidharau mutu kwa sababu alikuwa mzito jana, na kwamba shahidi yupo. "Mama yangu alikuwa pale kwenye kona toka mwanzo. Anamjua mukwe wake. Muulizeni yeye, mi nitakubali atakachosema."

Nikamvuta sketi. Akadhani namshukuru, akanibana vidole.

Wala hawakuhitaji kumtafuta. Bi Mwavita alikuwa anashuka kwenye baiskeli ya kukodi, termosi bado mkononi. Watu wakampisha. Nikainama, nikatoa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nimesitirika mbele yake, na hakuipokea mikono yangu.

Prezida akamwamkia, akamweleza neno lenyewe. Je, mama alimuona mukwe wake kwenye kona?

"Nilimuona," akasema.

Khadidja akafunga macho akamshukuru Mungu. Nikawaza kwamba mama wa watu ameamua kunisitiri, na kwamba nitamnunulia khanga kila mwezi mpaka nife.

Bi Mwavita hakuwa amemaliza. Ni mwanamke wa sala tano, hajui kusema nusu.

"Nilimuona anakuja. Nikafurahi, nikamimina tangawizi. Mara akaacha njia, akaingia kwa Candide, yule mjane jirani yangu. Nikasema labda ameumwa tumbo, mutoto wa watu. Nikamfuata. Nikapiga hodi. Candide akatoka ndani amejifunga taulo, maji yanamtiririka. Nikamuuliza mukwe wangu yuko wapi. Akasema apana, yeye hajaona mwanaume." Akanionyesha kwa kikombe. "Na hicho kitenge ni cha Candide. Tulinunua pamoja sokoni. Mi nilichukua cha kijani."

Mimi huyo Candide simjui. Hata leo mkimpitisha mbele yangu simjui. Kumbe muda wote niliokuwa nakaza fundo, mwenye nyumba alikuwa anaoga.

Prezida akamwinamia mgeni wa heshima amnong'oneze. Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa. Zone Industrielle nzima, na bandari, na wapakiaji juu ya malori, wakamsikia akisema kwamba basi huyu chini ya kitenge hana kitu.

Watu wakaanza kucheka. Valéry hakucheka, aliizima saa yake tu. Carmen akamtazama Khadidja kwa huruma, na ile huruma nadhani ndiyo iliyomkata zaidi.

Khadidja aliuachia mkono wangu. Kikombe alikirudisha mezani, taratibu, kama anarudisha sahani ya jirani.

"Uliniambia kaptula imechanika," akasema.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na ukweli, jamani, nilikuwa nao mzima mzima. Lakini ukweli wenyewe ni upi? Kwamba nilimuona mama mkwe nikamkimbia, mbele ya kadamnasi na kipaza sauti kikiwaka? Na nikishasema hivyo watataka niwaonyeshe kaptula, na kaptula haijachanika hata uzi. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu wakakuelewa walivyotaka.

"Mi nimekimbia yote," Khadidja akasema. Sauti haikupanda. "Toka hapa mpaka Kinama, toka Kinama mpaka hapa, na miguu yangu mwenyewe. Sikukata hata kona moja. Na Kigoma siendi tena, kwa ajili yako."

Nikasema Mama Uthmani, nisikilize. Akasema atanisikiliza, lakini akitoka kwanza kumsikiliza Candide. Akanyoosha mkono.

"Nipe kitenge. Ni cha mutu. Nitamrudishia mwenyewe, na nitamuuliza mwenyewe."

Nikaomba niende nyuma ya lori lile la mizigo, nikivue huko, nimletee kimekunjwa vizuri. Watu wakaguna. Mmoja akasema anataka kutoroka tena, huyu vichochoro anavijua. Prezida Révérien, akiona uchungu wa sare aliyodhani imepotea, akasema kwenye kipaza sauti kwamba klabu haitamfunika mutu.

"Hapa," Khadidja akasema. "Kama chini umevaa, mbona unaogopa?"

Bi Mwavita alikuwa mbele yangu, karibu kabisa, tangawizi imeshapoa kwenye kikombe. Sikumtazama usoni, siwezi. Nilitazama ncha za viatu vyake nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakuomba sana. Geuka kidogo."

Hakugeuka.

"Apana, mukwe," akasema. "Leo nataka nione mutoto wangu nilimpa mutu gani."

Mkono wa Khadidja bado ulikuwa umenyooka. Nikashika fundo.